Kilio Kilichozuiwa Namkonda

Somoe Chitanda alikataa kukaa. Alisimama mbele ya meza ya mnasihi, mkoba wa ukindu begani, akasema kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi dukani:

"Nimekuja unirudishie kilio changu."

Tekla Mbelenje aliinua macho kutoka kwenye kishikwambi. Kwa miaka sita alikuwa mnasihi katika Kituo cha Utulivu cha mgodi wa Namkonda, na watu walikuja kwake na mengi: usingizi uliopotea, ndoa zilizochacha, maumivu ya kichwa yasiyo na sababu. Ombi hili hakuwahi kulisikia.

"Karibu kwanza, Bi Somoe. Kaa tuzungumze."

"Sikai. Nikikaa utaniuliza nimelala vipi. Nitajibu nimelala vizuri, utaandika, nitaondoka. Miezi minane tumefanya hivyo."

Hakupandisha sauti hata kidogo. Nyuma ya sikio lake la kulia palikuwa na kovu lisilozidi punje ya choroko, na chini ya kovu hilo ndipo kilipokaa kitulizo. Sheria ya makazi ya Namkonda ilisema kwamba yeyote anayeishi ndani ya uzio, hasira au huzuni yake ikivuka mstari kwa siku kumi na nne mfululizo, awekewe. Kitulizo husikiliza moyo, pumzi na jasho. Kikihisi kwamba kitu kinajikusanya kifuani, hutuma mkondo mdogo wa umeme kwenye mshipa wa fahamu wa shingo, na kile kitu hutawanyika kabla mwenyewe hajajua kilikuwa kinakuja.

Aliyetia sahihi Somoe awekewe alikuwa Tekla. Ilikuwa wiki mbili baada ya banda la kukaushia madini ya kinywe kuanguka na kuua wafanyakazi saba. Mmoja wao alikuwa Saada, binti pekee wa Somoe, mwenye umri wa miaka kumi na tisa.

Somoe alitoa simu mkobani, akaiweka mezani, akaibonyeza. Sauti yake mwenyewe ikasikika, tulivu, ikizungumza mbele ya tume ya uchunguzi: *Sina lalamiko na mtu. Kazi ya Mungu haina makosa. Naushukuru uongozi kwa sanda na kwa usafiri.*

Akaizima.

"Mdogo wangu Esha ndiye aliyenisikilizisha, juzi. Sasa sikiliza. Siku tatu kabla ya banda kuanguka, Saada aliniambia, 'Mama, ukuta wa kule nyuma umepasuka, mkono wangu unaingia. Tumemwonyesha nyapara, katuambia tupake chokaa.' Siku nimesimama mbele ya tume, nilikuwa naijua habari hiyo. Sikuisahau. Ila sikuona sababu ya kuisema. Unanielewa? Haikunisukuma."

Tekla alikisukuma kishikwambi kando.

"Kwenye arobaini ya mwanangu mtu alimwaga mchuzi, nikacheka. Mama yangu mzazi hanisemeshi. Mtaani wanasema nimemtoa Saada kafara ili nipewe usimamizi wa jiko la mgodi. Ningekuwa wao, na mimi ningesema hivyo hivyo." Akavuta pumzi ndefu. "Tangu juzi najaribu kukuchukia. Nakuweka mbele ya macho yangu, naanza. Inapanda mpaka hapa," akagusa koo, "halafu inakuwa kama nimekunywa uji. Basi nimekuja kwa akili peke yake. Akili inaniambia wewe umenitendea ubaya. Nirudishie changu, nikuchukie ipasavyo."

Tekla alisikia kitu kikimchoma chini ya titi la kushoto, kisha kikapoa. Naye alivaa kitulizo. Wanasihi wote walivaa, kwa maelezo kwamba mtu hawezi kupokea vilio vya watu kumi na watano kwa siku akabaki mzima.

"Kitulizo hakiui huzuni," alisema. "Kinaifungia mlango tu, nayo inakaa hapo nje ikisubiri. Mwaka jana fundi mitambo mmoja alijichimbua chake kwa wembe. Kilio cha miaka miwili kilimwingia asubuhi moja. Tulimkuta kwenye bwawa la tope. Hatukumwahi."

"Ndiyo maana sikuja na wembe. Kuna kushusha ngazi kwa ngazi. Nimesoma."

"Ipo njia hiyo. Ngazi tisa, wiki tisa. Huwa tunawashushia wanaohama mgodi. Lakini lazima msimamizi aidhinishe. Na hata hivyo, katika kila watu kumi yupo mmoja ambaye hafiki mwisho."

"Banda lile lilikuwa na watu kumi na wawili," Somoe alisema. "Saba hawakufika. Usinifundishe hesabu, mama. Kamwone msimamizi wako."

*

Msimamizi Kasembe alikuwa akibangua korosho kwa kisu kidogo, maganda akiyapanga juu ya gazeti. Alikuwa mtu wa maneno laini. Watumishi wa Kituo walimpenda, na hakuna aliyekumbuka kugombana naye.

Jambo hilo ndilo lililomfanya Tekla aandike kiganjani kwa wino kabla ya kubisha hodi. Alikuwa amegundua, bila kujua sababu, kwamba kila akiingia ofisi ile na hoja, hutoka mikono mitupu na ameridhika. Basi aliandika mistari mitatu. *Ushahidi wa mtu aliyetulizwa si ushahidi. Sahihi ni yangu. Usiseme ahsante.*

"Kwa hiyo mtu mwenye mguu mzima anaomba avunjwe," Kasembe alisema baada ya kumsikiliza, "na wewe, dada Tekla, umekuja kwangu kuazima nyundo."

"Mguu wake si mzima, mzee. Tumeutia ganzi na yeye anaukanyagia."

"Halii, hapigani, anakwenda kazini. Wewe uzima unauitaje?"

"Alitoa ushahidi akiwa kwenye kitulizo. Wazazi wote saba walitoa ushahidi wakiwa kwenye kitulizo. Tuliwatuliza wiki ile ile ambayo tume ilikuwa inakuja. Uliniletea majina yao kwa orodha, mzee. Mimi sikuuliza ilitoka wapi, na sasa nauliza."

Kasembe aliacha kisu. Kwa mara ya kwanza sura yake ilikakamaa.

"Sasa unielewe vizuri. Jalada limefungwa. Yule mwanamke akitoka huko nje analia, swali la kwanza litakuwa: nani alimzuia asilie? Watafungua makabrasha, watakuta sahihi saba, na hakuna hata moja ya Kasembe. Zote za Mbelenje. Unataka kumsaidia yeye au unataka kujizika?"

"Nataka..." Tekla alisimama. Sauti ilimpanda, na lilikuwa jambo geni kwake. "Nataka kujua nilitia sahihi kwa ajili ya nani. Kama umenitumia, Kasembe, nitakuburuza mbele ya..."

Kasembe alikivuta kishikwambi chake karibu, akapitisha kidole gumba juu ya kioo, polepole, kutoka chini kwenda juu.

Hasira ikamtoka Tekla kama maji kwenye beseni lililotoboka. Ofisi ikawa ofisi tu. Korosho zilinukia vizuri. Alimtazama yule mzee mbele yake, mtu mwenye majukumu mengi, akaona jinsi alivyomsumbua bure.

"Umenielewa, dada Tekla?"

"Nimekuelewa, mzee. Ahsante."

Alifika mwisho wa korido akifikiria chakula cha mchana. Alipoinua mkono kufungua mlango, akayaona maandishi. Aliusoma mstari wa tatu mara mbili.

Hakushtuka, maana hata mshtuko wenyewe alikuwa amenyang'anywa. Lakini kusoma alijua bado, na kujumlisha moja na moja alijua. Nimeingia na hasira, amegusa kioo, nimetoka na shukrani. Alilifikiri jambo hilo kwa ubaridi, kama mtu anayesoma habari ya jirani. Somoe alikuja kwangu kwa akili peke yake, aliwaza. Na mimi nitaondoka hapa hivyo hivyo.

Alipita stoo ya vifaa, akachukua kalamu ya ngazi, kile kifaa kifupi cha kushushia na kupandishia vitulizo, akakitia ndani ya soksi. Kisha akaomba likizo ya siku sita, na Kasembe akaiidhinisha kwa furaha.

*

Kitulizo cha watumishi kilikuwa na ngazi tatu tu. Tekla alijishusha mwenyewe, nyumbani kwake, mlango umefungwa kwa komeo.

Siku ya kwanza haikuwa na jambo. Siku ya pili alipiga sahani ukutani kwa sababu kifuniko cha sufuria kilikataa kufunga. Siku ya tatu, akiwa anamenya mihogo, nyuso zilianza kuja. Hazikuja kwa mpangilio wa mafaili. Alimwona baba mmoja aliyekuwa ameng'ang'ania kiatu cha mwanawe, na jinsi yeye Tekla alivyomwambia, kwa upole, kwamba kiatu hicho sasa akiweke chini. Alikumbuka jinsi Somoe alivyomshika mkono siku ya kuwekewa, akisema, "Niache kidogo, daktari, niache wiki moja tu," na yeye akamjibu kwamba sheria ni siku kumi na nne.

Na pamoja na hayo ikaja hofu, ambayo hakuitegemea. Alimwogopa Kasembe. Aliogopa gereza. Aliogopa kufutiwa leseni na kurudi kwao Masasi kuchekwa. Alipokuwa ametulizwa, kumsaidia Somoe kulikuwa hesabu nyepesi. Sasa alikuwa mtu kamili, na mtu kamili aliyekuwa ndani yake hakutaka kwenda. Kwa siku mbili nzima alijitafutia sababu, na sababu zilipatikana tele.

Siku ya sita aliivaa kanga yake juu ya gauni, akatoka nje ya uzio kwa lori la wauza mboga hadi nyumbani kwa Esha, mdogo wake Somoe, ambako Somoe, kwa ujumbe waliotumiana, alikuwa amekuja kumsubiri.

"Nilijua hutakuja," Somoe alisema.

"Na mimi nilijua hivyo."

Alimweleza kila kitu bila kuficha: orodha ya majina, kidole cha Kasembe juu ya kioo, hatari ya ngazi ya sita, ambapo wengi huvunjika. Esha, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, tayari kumfukuza mtu.

"Nikiomba urudishe, usirudishe," Somoe alisema. "Hilo nakwambia sasa, nikiwa na akili zangu."

"Hilo siwezi kukuahidi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu atakayeomba atakuwa wewe pia."

Somoe akageuza kichwa, akasogeza ushungi, akampa sikio.

*

Walikutana kila Jumamosi asubuhi, hapo hapo kwa Esha. Wiki ya pili Somoe aliacha kumwita mama. Wiki ya tatu alimwambia kwamba ananuka Kituo. Ya nne alimmwagia chai miguuni, akamwangalia kama atalia, na Tekla alipolia kwa maumivu ya moto ule, Somoe akasema, "Ndiyo hivyo. Endelea." Esha alileta maji baridi, lakini hakuomba radhi kwa niaba ya dada yake, wala Tekla hakuitarajia.

Mnasihi wa kweli, walifundishwa chuoni, hukaa kimya na kuacha mtu aseme. Tekla aligundua kwamba hakuwahi kufanya kazi hiyo hata siku moja. Kwa miaka sita alikuwa ameketi mbele ya watu ambao kilio chao kilikuwa kimeshazimwa, akaita ukimya wao maendeleo. Sasa alikaa juu ya mkeka na kutukanwa, na kila Jumamosi alirudi nyumbani mgongo ukimuuma kama aliyelima.

Jumamosi ya sita alisikia sauti kabla hajafika. Haikuwa sauti ya kulia. Ilikuwa sauti ya mtu anayenyanyua kitu kizito kuliko uwezo wake, tena na tena. Somoe alikuwa sakafuni, kichwa kimebanwa kati ya magoti, kucha zimekwisha kuchora mistari ya damu kwenye mikono. Esha alikuwa amemkumbatia kwa nyuma.

"Tangu alfajiri yuko hivi," Esha alisema. "Fanya kitu! Si wewe ndiye mtaalamu?"

Somoe aliinua uso. Macho yalikuwa yamevimba.

"Rudisha," alisema. "Rudisha, rudisha, nakuomba. Naisikia sauti yake chini ya mabati. Nakuomba kwa jina la Mungu, Tekla, siwezi. Rudisha!"

Kalamu ilikuwa mkononi mwa Tekla. Kubonyeza mara moja kungetosha. Alimkumbuka yule fundi na bwawa la tope. Akamkumbuka Somoe mwingine, yule baridi, aliyesema *usirudishe*. Ni yupi kati yao aliyekuwa na haki ya kusikilizwa? Yule wa kwanza hakuwa anahisi maumivu aliyokuwa akiyachagua. Huyu wa pili hakuweza kuhisi kitu kingine. Na yeye, aliyeshika kalamu, alikuwa mtu wa mwisho duniani aliyestahili kuamua, kwa maana ameshaamua mara moja, kwa sahihi, na matokeo yake yalikuwa yamelala hapa sakafuni.

Alipiga magoti, akaifungua mikono ya Somoe, akamwekea kalamu kiganjani.

"Kitufe cha juu kinarudisha," alisema. "Ukibonyeza, sitakulaumu, na nitakuja tena kesho ukitaka tuanze upya. Usipobonyeza, siondoki hapa."

"Una wazimu!" Esha alifoka. "Mtu hali hii unampa achague?"

"Nilimnyima kuchagua mara ya kwanza."

Somoe aliisukuma kalamu nyuma ya sikio. Kidole gumba kilikaa juu ya kitufe. Ilipita dakika moja, zikapita kumi. Jua lilihama kutoka kizingitini hadi katikati ya chumba. Mara mbili alibonyeza nusu, na mara mbili akaachia. Katikati ya hayo alianza kumtaja Saada: jinsi alivyokuwa akila ukoko kabla ya wali, jinsi alivyoficha barua za mvulana mmoja ndani ya mto, jinsi alivyogombana naye asubuhi ile ya mwisho kwa ajili ya viatu, na Somoe akamwambia, "Nenda, unanichosha." Hilo alilisema mara nyingi. "Nilimwambia ananichosha." Esha naye alikuwa analia sasa, kwa sauti, na majirani walianza kukusanyika uani, wale wale waliosema habari ya kafara. Bibi mmoja aliingia bila hodi, akaketi, akaanza kulia nao.

Adhuhuri ilipoadhiniwa Somoe aliitupa kalamu. Iligonga mfupa wa shavu la Tekla, ikapasua ngozi.

"Toka nyumbani kwetu," alisema. Sauti ilikuwa imekauka, lakini ilikuwa na moto ndani yake. "Nimekuchukia. Nimeipata. Jumamosi uje umalizie, na usinisalimie."

Tekla alitoka, damu ikimchuruzika hadi kidevuni. Wanawake uani walimpisha kama wanavyompisha mwenye ukoma.

*

Kasembe alijua wiki ya saba, mstari wa huzuni wa Somoe ulipoanza kupanda kwenye mitambo ya Kituo; lakini Somoe alikuwa ameshahamia kwa Esha, nje ya uzio, ambako mitambo iliweza kusoma tu, si kutuliza. Tekla alisimamishwa kazi siku hiyo hiyo, na mwezi uliofuata leseni yake ikafutwa na baraza la wanasihi kwa kosa la kumletea mteja mateso kwa makusudi. Alikiri kosa hilo kwa maandishi. Katika barua hiyo hiyo aliambatanisha orodha ya majina saba, tarehe ya kila sahihi, na tarehe ya kuwasili kwa tume. Jumamosi mbili zilizobaki alikwenda kwa miguu, kwa kuwa wenye malori walikuwa wameonywa wasimpakie. Hakusalimia.

Wanasheria wa wazazi waliichukua barua hiyo. Tume ililazimika kulifungua jalada, safari hii mjini, mbali na uzio, na kila shahidi alipimwa mlangoni kuhakikisha kwamba hana kitulizo kinachofanya kazi. Kasembe alikuja na suti nyeusi na mawakili wawili. Wazazi wengine sita walikuja pia. Watatu kati yao walikuwa ndiyo kwanza wameanza kushushwa, nao, wasioruhusiwa bado kutoa ushahidi, walitazama ukuta.

Tekla aliketi kwenye benchi lililokuwa nyuma ya wazazi. Alidhani hapo ndipo mahali pake.

Somoe alipoitwa, alipanda kizimbani, akaapa, kisha akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa mwenyekiti, kabla sijasema. Yule mwanamke mwenye kovu shavuni. Yeye ndiye aliyenifunga, na yeye ndiye aliyenifungua. La pili haliondoi la kwanza. Asikae upande wetu."

Mwenyekiti alimtazama Tekla, asijue sheria inasemaje.

Tekla alisimama. Uso ulimwaka, na hakukuwa na kitu chochote cha kumpooza. Alivuka njia ya katikati, mbele ya macho ya watu mia mbili, akaketi kwenye benchi la watu wa mgodi. Kasembe alisogea mbali naye, akakunja pindo la koti lake ili lisimguse.

Ndipo Somoe alipofungua kinywa kuzungumza, na badala ya neno kikatoka kilio. Kilikuwa kikubwa kuliko mwili wake. Karani aliacha kuandika. Mmoja wa wale wazazi waliokuwa wakitazama ukuta aligeuza shingo, taratibu, kama mtu anayeitwa jina lake kutoka mbali. Zilipita dakika nne, tano. Wakili wa mgodi alisimama kupinga, akakosa la kupinga, akaketi.

Mwenyekiti, mzee mwenye miwani, aliinama mbele.

"Mama, pole sana. Tuahirishe? Utaendelea kesho?"

Somoe alijifuta uso kwa kanga, pande zote mbili. Akazishika kingo za kizimba kwa mikono miwili.

"Niendelee nini, mheshimiwa?" alisema. "Bado sijaanza."